Kengele za Marijani: Kuchagua, Kupanda na Kutunza Heukera

Heukera ni mmea mfupi wa kudumu. Majani yake hujikusanya karibu na ardhi katika kishada cha duara chenye kimo cha sentimita 20 hadi 30, na katikati ya kishada hicho huchomoza vikonyo vyembamba vilivyobeba maua madogo ya umbo la kengele. Katika Heuchera sanguinea, aina iliyoufanya mmea huu ujulikane bustanini, maua hayo ni mekundu ya marijani, na ndiyo asili ya jina la kengele za marijani. Kuna aina zipatazo 50, zote za Amerika ya Kaskazini, kuanzia Kanada hadi Meksiko. Jina la kisayansi linamkumbuka Johann Heinrich von Heucher (1677–1747), daktari na mjuzi wa mimea aliyefundisha Wittenberg, Ujerumani.

Huu ni mmea wa nchi zenye majira ya baridi. Unawafaa wasemaji wa Kiswahili waliohamia Minneapolis, Columbus, Toronto au Leicester, wenye kipande kidogo cha ardhi mbele ya nyumba au roshani isiyopata jua la kutosha kwa nyanya. Mombasa na Dar es Salaam haufai: usiku wa huko ni wa joto na unyevu, na mmea hukosa kipindi cha baridi cha kupumzika. Anayetaka majani ya rangi kivulini akiwa pwani ana koleasi na kaladiamu, na hapungukiwi na kitu.

Dukani watu wengi huchagua heukera kwa rangi. Meza ya kitalu mwezi wa Mei huwa na miche ya zambarau, fedha, chungwa, njano ya ndimu na nyeusi inayong'aa, na kila mmoja una kibandiko chenye picha ya kuvutia. Miaka miwili baadaye nusu ya mimea hiyo haipo, na mwenye bustani anaamini kwamba heukera ni mmea dhaifu. Kinachoamua kama mmea utadumu ni wazazi wake, kwa sababu karibu heukera zote za dukani ni chotara, na kila mzazi ameurithisha uzao wake tabia za mahali alikotoka.

Heuchera sanguinea ni ya milima ya Arizona, New Mexico na kaskazini mwa Meksiko, ambako huota katika nyufa za miamba yenye kivuli. Ilielezwa kisayansi mwaka 1848 na George Engelmann. Imerithisha maua mekundu na kuchukia udongo unaotuamisha maji. Heuchera americana huota katika misitu yenye mawe ya mashariki, kutoka Ontario hadi Georgia. Ina maua ya kijani yasiyo na mvuto, lakini majani yake yana mabaka ya fedha na mishipa yenye rangi, na inavumilia baridi na ukame wa wastani. Mizizi yake ina ukakasi mkali kama wa shabu, na wenyeji wa Amerika waliitumia kutibu vidonda na kuhara. Heuchera richardsonii ni ya mbuga za katikati ya bara, Minnesota na Manitoba zikiwamo, na ni miongoni mwa aina zinazostahimili baridi kali kuliko zote. Heuchera micrantha ni ya ukanda wa Pasifiki, kuanzia British Columbia hadi California, uliozoea baridi isiyo kali.

Mzazi anayestahili kutafutwa kwa makusudi ni Heuchera villosa, ya milima ya kusini-mashariki mwa Marekani. Majani yake ni makubwa na yana manyoya, huchanua mwishoni mwa majira ya joto wakati heukera nyingine zimeshamaliza, na inastahimili joto lenye unyevu ambalo huziua jamaa zake nyingi. Anayeishi Atlanta, Houston au Charlotte akinunua heukera isiyo na damu ya villosa mara nyingi ananunua ua la msimu mmoja. Kibandiko mara nyingi hakitaji wazazi, lakini katalogi na wauzaji wenye ujuzi hueleza. Na jani kubwa, laini na lenye manyoya kidogo ni dalili ya kuaminika.

Uzalishaji wa chotara ulianza Ufaransa. Mwishoni mwa karne ya 19 Victor Lemoine wa mji wa Nancy alichanganya sanguinea na aina nyingine kupata maua mengi na vikonyo virefu. Katikati ya karne ya 20 Alan Bloom wa Bressingham, katika jimbo la Norfolk, Uingereza, alitumia miaka mingi kuchagua heukera bora za maua. Hadi hapo majani hayakuwa na thamani kubwa. Mambo yaligeuka ilipotokea 'Palace Purple', yenye majani ya zambarau iliyoiva, iliyoanzia katika bustani za Kew, London. Mwaka 1991 Chama cha Mimea ya Kudumu cha Marekani kiliitangaza kuwa mmea wa mwaka. Miaka hiyo hiyo Dan Heims wa kitalu cha Terra Nova, Oregon, alianza kutoa chotara moja baada ya nyingine, ikiwamo 'Obsidian' iliyo karibu nyeusi. Huko Ufaransa Thierry Delabroye alileta 'Caramel' ya rangi ya asali na 'Citronelle' ya njano, zote zenye damu ya villosa. Wingi huo una hasara yake: majina mapya hutoka kila mwaka, na mengine hupotea sokoni kabla hayajajaribiwa vya kutosha katika bustani za watu. Jina lililodumu sokoni miaka kumi lina ushahidi mzuri kuliko picha yoyote.

Kwa baridi, heukera nyingi huwekewa kanda ya 4 hadi ya 9 katika ramani ya Wizara ya Kilimo ya Marekani. Kanda ya 4 ni mahali ambapo baridi kali ya mwaka huteremka hadi kati ya nyuzi 29 na 34 chini ya sifuri, kwa Selsiasi. Uingereza yote ya bondeni iko salama kwa kipimo hicho. Tatizo la Waingereza ni mvua ya majira ya baridi.

Mwanga unaofaa ni jua la asubuhi na kivuli cha mchana, au kivuli chepesi cha miti siku nzima. Rangi ya jani hutoa mwongozo zaidi. Majani meusi na ya zambarau hustahimili jua zaidi, na katika kivuli kizito hufifia na kuingia ukijani. Ya njano na ya ndimu ndiyo mepesi kuungua: kingo hugeuka kahawia na kukauka kama karatasi, na jani lililoungua halirudi. Ya fedha na ya chungwa yako katikati. Haya yote hutegemea latitudo: jua la saa sita mchana huko Scotland halidhuru heukera iliyo na maji ya kutosha, ilhali jua la saa nane Tennessee linaweza kuibabua katika siku chache. Kivuli kizito kabisa hakiuui mmea, ila maua hupungua na majani hukosa rangi iliyomfanya mtu aununue.

Udongo ndio msingi wa kila kitu. Heukera inataka udongo tifutifu wenye mboji, usiotuamisha maji, wenye pH ya 6 hadi 7. Katika udongo wa mfinyanzi, ulio mwingi katika vitongoji vipya ambako tingatinga liliondoa tabaka la juu, kuchimba shimo na kulijaza mboji hakusaidii. Shimo hilo hugeuka bakuli: maji huingia upesi kupita udongo mwepesi, hukwama kwenye kuta za mfinyanzi, na mizizi huloweka humo wiki nzima. Dawa ni kulima eneo lote kwa uma wa bustani, kuchanganya mboji katika sentimita 20 za juu, na kuinua tuta sentimita 15 juu ya ardhi. Mteremko mdogo, au sehemu ya juu ya ukuta wa mawe, ni bora zaidi, kwa kuwa hufanana na nyufa za miamba ambamo aina nyingi huota kwao.

Wakati wa kupanda ni majira ya machipuko, au mwanzoni mwa majira ya kupukutika majani, wiki sita walau kabla ardhi haijaganda. Mche wa dukani mara nyingi umetoka maabara, kwa njia ile ile inayotoa migomba ya tishu, na umekuzwa katika udongo wa kitalu ulio mwepesi sana, karibu wote mboji ya mimea. Ukipandwa kama ulivyotoka kwenye kopo, bonge hilo hukauka hata pale udongo unaolizunguka una unyevu, na mizizi haitoki nje yake. Afadhali bonge lilowekwe kwenye ndoo ya maji kwa dakika chache, kisha udongo wa nje upukutishwe kwa vidole mpaka ncha za mizizi zionekane na kunyooka. Mche unaonekana umeteswa, lakini ndani ya wiki chache huwa mbele ya jirani yake aliyepandwa na bonge zima.

Kina cha kupandia ndicho kinachohitaji uangalifu mkubwa. Sehemu ambapo majani hukutana na mizizi, yaani shingo ya mmea, inapaswa kuwa sawa na uso wa udongo. Ikizikwa pamoja na vichipukizi vyake huoza. Ikiachwa juu sana hukauka na kupigwa na jalidi. Nafasi kati ya mimea ni sentimita 30, na 45 kwa zile kubwa za damu ya villosa. Baada ya kupanda, udongo hukandamizwa kwa mkono na kumwagiwa maji mpaka utulie; ukizama, huongezwa mwingine.

Msimu wa kwanza mmea huhitaji maji ya kina cha sentimita 2.5 hivi kwa wiki, mvua ikihesabiwa humo. Yamwagwe asubuhi, chini, bila kulowesha majani. Mwaka wa pili na kuendelea heukera hustahimili ukame mfupi, isipokuwa ile iliyo chini ya maple au mti mwingine wenye mizizi ya juujuu, ambayo itaendelea kunyang'anywa maji na kuhitaji msaada. Mbolea si jambo la kushughulikia sana. Mboji ya unene wa sentimita 2 au 3 kila majira ya machipuko, ikisogezwa mbali na shingo, inatosha. Nitrojeni nyingi huleta majani laini yanayokaribisha magonjwa.

Maua yaliyokauka hukatwa pamoja na kikonyo kutoka chini, na baadhi ya heukera hutoa mengine. Katika heukera za majani, watu wengine hukata vikonyo vyote mapema ili kishada kibaki nadhifu. Ni suala la ladha, ila aliye na maua mekundu ya sanguinea Marekani huwakosa ndege wavumaji, wadogo wenye mdomo mrefu, wanaofyonza nekta ya maua hayo kama chozi anavyofanya Afrika Mashariki.

Chunguni heukera hukaa vizuri, pengine vizuri kuliko ardhini, kwa sababu maji hudhibitiwa. Chungu cha upana wa sentimita 25 chenye matundu chini, udongo wa vyungu uliochanganywa na kokoto ndogo au perliti, na miguu ya kukiinua ili maji yatoke: hayo yanatosha. Shida ni majira ya baridi, kwani mizizi iliyo chunguni hupata baridi kutoka pande zote. Kanuni ya wazoefu ni kuchagua mmea unaostahimili kanda mbili baridi zaidi ya mahali ulipo. Chungu husogezwa karibu na ukuta wa nyumba, chini ya upenu, mbali na mvua ya mfululizo. Kukiingiza sebuleni penye joto ni kosa. Mmea unahitaji baridi ili upumzike.

Kwa mimea ya ardhini, majira ya baridi huanza kwa kutofanya lolote. Majani hubaki mabichi au nusu mabichi, na hulinda shingo, hivyo hayakatwi wakati wa kupukutika. Hukatwa mwishoni mwa baridi, yale yaliyochanika na kuungua tu, kabla machipukizi hayajarefuka. Theluji iliyotulia ni kinga nzuri. Kinachodhuru ni ardhi inayoganda na kuyeyuka mara kwa mara: kila mgando hutanua maji yaliyo udongoni na kuusukuma mmea juu, na kwa kuwa mizizi ya heukera haiendi chini sana, ifikapo Machi mmea unaweza kukutwa umelala juu ya ardhi, nusu ya mizizi ikiwa hewani. Ukionekana mapema hurudishwa kwa kuukandamiza na kuuongezea udongo. Kinga ni matandazo ya sindano za msonobari au majani makavu, sentimita 5 hadi 8, yanayowekwa baada ya ardhi kuganda, wala si kabla, ili ardhi ibaki imeganda kwa utulivu. Yasilundikwe juu ya shingo. Heukera zilizopandwa ukingoni mwa njia ya miguu zina adui mwingine, chumvi inayomwagwa kuyeyusha barafu; hatua chache nyuma ni salama zaidi.

Hata pasipo jalidi, heukera hujiinua yenyewe. Kila mwaka majani mapya huota juu ya yale ya zamani, na shina hurefuka na kuwa gumu kama kuni. Baada ya miaka 3 au 4 mmea huonekana umesimama juu ya kigingi, katikati ni tupu, majani ni machache na madogo. Wengi huung'oa wakidhani umezeeka, ilhali huu ndio wakati wa kuufanya upya. Majira ya machipuko, majani mapya yanapoanza kufunguka, mmea huchimbuliwa wote na kukung'utwa udongo. Kwa kisu kikali hugawanywa vipande, kila kimoja kikiwa na kishada cha majani na mizizi kiasi. Sehemu ya kati iliyokauka hutupwa. Kila kipande hupandwa kwa kina zaidi ya awali: shina gumu lote huzikwa na majani hukaa sawa na uso wa udongo. Shina lililozikwa hutoa mizizi mipya ubavuni, na mmea huanza upya.

Magonjwa na wadudu si wengi, ila wawili ni wakaidi. Wa kwanza ni fukusi wa mizabibu, Otiorhynchus sulcatus, asili yake Ulaya na sasa yumo pia Amerika ya Kaskazini. Mdudu mzima ni mweusi, wa milimita 9 hivi, haruki, na hula usiku akiacha kingo za majani na mapengo ya nusu duara. Mapengo hayo ni aibu tu; madhara yako chini. Majike hutaga bila dume, mamia ya mayai majira ya joto, na mabuu hula mizizi kuanzia vuli hadi machipuko. Dalili ni heukera inayonyauka ilhali udongo una unyevu. Ikivutwa kidogo huinuka mkononi bila upinzani, na chini yake hakuna mizizi, ni kisiki kilichotafunwa. Udongo ukichambuliwa hutokea mabuu meupe yaliyojikunja kama ndoana, vichwa vya rangi ya kahawia. Hapo wengi hutupa mmea. Lakini kishada chenyewe bado ni kizima: kikikatwa safi, kikaoshwa, kikapunguzwa majani mawili au matatu na kupandikizwa kwenye mchanga wenye unyevu kivulini, kwa kawaida hutoa mizizi baada ya wiki kadhaa. Udongo wa zamani usirudishwe chunguni. Kinga inayofanya kazi vizuri, hasa katika vyungu, ni minyoo hai ya Steinernema kraussei, inayouzwa ikiwa unga wa kuchanganya na maji. Humwagwa mwishoni mwa Agosti hadi mwanzoni mwa Oktoba, udongo ukiwa na unyevu na joto la nyuzi 5 au zaidi.

Wa pili ni kutu ya heukera, Puccinia heucherae. Kwa asili ni ya Amerika, na Uingereza iligunduliwa mwaka 2004. Juu ya jani huonekana vishimo vidogo vya duara. Likigeuzwa, kila kishimo kina kipele cha unga wa chungwa na kahawia. Hupenda hali ya ubaridi na unyevu. Majani yenye dalili hukatwa na kutiwa kwenye takataka, kamwe si kwenye lundo la mboji, mimea hupewa nafasi ya hewa kupita, na miche mipya hukaguliwa upande wa chini wa majani kabla ya kulipiwa. Mimea yenye damu ya villosa imeonekana kushambuliwa kwa urahisi na kutu, kwa hiyo anayeishi kwenye ubaridi na unyevunyevu hana sababu kubwa ya kuipendelea. Ubwiri unga hutokea pia penye msongamano na ukavu, lakini mara chache huua. Kulungu kwa kawaida huipita heukera, hadi njaa ya Februari.

Majirani wazuri ni makangaga, hosta, astilbe na helebori, ambao wanataka kivuli kile kile. Rangi ya chungwa au ya njano hutumika kwa uchache, mmea mmoja au miwili kati ya majani ya kijani. Bustani ndogo iliyojazwa heukera za rangi saba huchosha macho.

Kuzalisha kwa mbegu kunafaa kwa aina za asili peke yake, kama americana na richardsonii, kwa maana chotara haitoi watoto wanaofanana nayo. Mbegu ni ndogo kama vumbi na zinahitaji mwanga ili ziote, hivyo hutawanywa juu ya udongo wenye unyevu bila kufunikwa, katika joto la nyuzi 18 hadi 21, na huchipua baada ya wiki 2 hadi 3. Miche huhamishiwa vikopo ikiwa na majani matatu au manne, na mingi huchanua mwaka wa pili. Nyumbani chotara huzalishwa kwa kugawanywa, na hapo kuna suala la sheria: kibandiko chenye herufi PP zikifuatwa na nambari kina maana kwamba mmea una hataza ya Marekani, na haki ya kuuzalisha ni ya mwenye hataza kwa miaka 20 tangu ombi lilipowasilishwa. Anayekusudia kugawia majirani vipande achague majina ya zamani ambayo muda wake umekwisha au ambayo hayakuwahi kusajiliwa, na 'Palace Purple' ni mojawapo.